Ndagala Juu ya Antena

Mama hakuwa na desturi ya kuanika ndagala nyuma ya nyumba. Tangu nikiwa mtoto, samaki wetu wadogo walianikwa mbele, karibu na njia, mahali jua linapofika mapema na wanunuzi wanapoweza kuwaona. Kwa hiyo siku ile nilipomwona amejitwika kichanja kichwani, akizunguka nacho kwenda nyuma, kwenye kona ya pipa la maji, sikuhitaji kumuuliza kama anaogopa. Niliuona mgongo wake tu, na mgongo ulitosha.

Kwenye kona ile ndiko ilikokuwa antena.

Vyombo vya setilaiti viliingia nyumbani kwetu Baraka, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kwa awamu mbili. Nitazieleza kwa mpangilio, kwa sababu asiyejua furaha tuliyoipata kwanza hataelewa kwa nini hatukuing'oa antena ile na kuitupa ziwani.

Ya kwanza ilikuwa parabole, ile sahani kubwa ya juu ya bati. Kaka yangu mkubwa, anayefanya biashara ya boti kati ya Baraka na Kalemie, ndiye aliyeileta. Yeye alipanda juu ya paa kuielekeza, mimi nikakaa ndani mbele ya televisheni, na mama akasimama mlangoni akipokea maneno yangu na kuyapandisha juu.

"Iko?" kaka aliuliza.

"Haiko bado."

"Anasema haiko bado."

"Na sasa?"

"Ilikuja, ikapotea. Arudishe kidogo."

"Rudisha kidogo, baba," mama akapaza sauti. "Kidogo, nimesema. Si mpaka Kigoma."

Kila upepo mkali ulipotoka ziwani, sahani iligeuka kidogo, picha ikavunjika vipande vipande, na mazungumzo yale ya paa na mlango yakaanza upya. Lakini picha ilipotulia, nyumba yetu ilikuwa na watu kuliko harusi. Wanaume walitazama mpira wakiwa wamesimama nje, vichwa dirishani, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Wanawake walikuja na mboga zao za kuchambua, wakatazama tamthilia za mbali zilizotafsiriwa, wakizijadili kama habari za mtaa.

"Huyu mama mukwe iko mubaya kushinda wa kwangu," jirani mmoja alisema.

"Wa kwako iko wapi?"

"Iko hapa, anakunywa chai."

Na mama mkwe mwenyewe, aliyekuwa ameketi nyuma yake na kikombe mkononi, alicheka mpaka chai ikamwagika.

Mama alipenda zaidi chaneli inayoonyesha Msikiti wa Makka saa zote. Mara ya kwanza alipoiona Kaaba ikiwa imezungukwa na watu wanaotembea wakati uleule, si picha ya jana wala ya mwaka jana, alisimama. Alibaki amesimama muda mrefu, kisha akasema kwamba marehemu baba angeliona hili asingekufa na hamu yake. Baada ya hapo aliizoea, akawa anachagua mchele huku Makka ikiwa mbele yake, lakini hakukubali kamwe mtu abadilishe chaneli bila kumwomba ruhusa.

Awamu ya pili ilikuja miaka baadaye. Hii haikuwa sahani. Ilikuwa kitu cheupe, bapa, kikubwa kidogo kuliko sinia la wali. Kaka alikivusha ziwa kikiwa kimeviringishwa ndani ya blanketi. Aliogopa upepo wa juu ya paa, kwa hiyo alikiweka chini, juu ya kigoda cha chuma, nyuma ya nyumba. Waya uliingia kwenye chumba cha ndani, ambako aliweka kisanduku kinachogawa rezo, yaani mtandao, na betri inayojazwa na pano ya jua.

"Hii inataka kitu kimoja tu," alituambia. "Inataka kuona mbingu. Musiiwekee kitu juu."

Hatukuiwekea. Paka wa jirani ndiye aliyejiweka, kwa sababu ilikuwa na joto, na kila alfajiri mama alimfukuza kwa ufagio.

Niliwahi kufanya kazi katika redio ndogo ya mjini. Huko nilizoea kuhesabu habari kuwa ni jambo linalotokea, mtu akalisimulia. Antena ile ilinifundisha kwamba kwa watu wengi habari kubwa ni kusikia pumzi ya mtu wao. Nusu ya ukoo wetu iko ng'ambo ya ziwa, katika kambi au mijini, na wengine wamekwenda mbali zaidi. Wanawake wa mtaa walikuja na simu zao zimefungwa ndani ya vitenge, wakaketi kwenye mkeka kando ya ukuta, wakaegemeza simu sikioni na kufumba macho. Mmoja alisikiliza kikohozi cha mwanawe kabla ya maneno, akarudia kikohozi peke yake mara nyingi, kisha akasema, "Bado anavuta sigara, huyu mujinga," na akalia.

Kisha vita vikasogea, na rezo ya kawaida ya simu ikakatika mji mzima. Wengine walisema minara imeharibiwa, wengine walisema imezimwa makusudi. Sikuweza kuthibitisha lolote kati ya hayo. Nilichoweza kuthibitisha ni kwamba simu zilibaki kuwa tochi na saa. Nyumba zenye antena bapa zilikuwa chache, na kila mtu alizijua.

Hapo ndipo neno lenyewe lilipobadilika. Zamani mtu alipotamka "antene" alikuwa anaulizia mpira. Sasa alilitamka kwa sauti ya chini. Uvumi ulisema kwamba antena inaita droni, kwamba mwenye nayo anawaelekeza maadui mahali pa kupiga. Watu wenye silaha waliokuwa mjini waliusadiki uvumi huo, au walijifanya wanausadiki, na wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mwalimu mmoja wa mtaa wa pili alichukuliwa pamoja na antena yake. Alirudi baada ya muda. Antena haikurudi, na mwalimu hakusimulia. Alikuwa akikusalimu, kisha anatazama juu, kama mtu anayekagua hali ya hewa.

Tungekwisha kuizika ya kwetu, kama si mdogo wangu.

Mdogo wangu ameolewa Ubwari, kule kwenye rasi inayoingia ziwani, ambako karibu kila safari ni ya boti. Alikuwa na mimba iliyofikia mwisho wake. Mtoto wake wa kwanza alitoka kwa upasuaji, na mkunga wa kijijini kwao alikuwa amesema wazi kwamba huyu wa pili hatamgusa. Ilikuwa lazima avuke. Katika kijiji chake kulikuwa na mfanyabiashara mwenye duka na antena kama yetu, ambayo rezo yake ilifika mpaka ufukweni na kukomea hapo. Kwa njia ya antena hizo mbili, ya kwetu na ya mwenye duka, shemeji yangu aliniuliza kila siku hali ya pwani ya Baraka, nami nilikwenda kuitazama kwa macho yangu kabla ya kumjibu.

Asubuhi ya siku ile pwani ilikuwa imetulia. Boti zilishusha makaa na mihogo, wanawake walibishana juu ya samaki, motari wa pikipiki walingoja abiria. Nilinunua ndoo ya ndagala wabichi, nikarudi nyumbani, nikamrekodia shemeji ujumbe kwamba leo ni siku nzuri. Akanijibu: "Sawa, shemeji. Tutatoka baada ya alasiri, upepo ukipungua. Kama kitu kimebadilika, utatuambia. Tukiona kimya, tunakuja."

Karibu na adhuhuri, jirani yetu fundi cherehani aliingia uani bila kupiga hodi. Alikuwa anatoka pwani. Hakukaa.

"Musiende kule," alisema. "Wale bantu banashika kila boti inayofika. Banatoa mashini, banakalisha bantu chini kwa muchanga. Vijana banawapakia kwa gari. Boti moja ilitaka kugeuka, bakaipiga risasi."

"Bakamuua muntu?" mama aliuliza.

"Sikungoja kuona, mama. Na wengine wako nyuma yangu, banapanda huku. Banatafuta antene."

Mambo mawili yalitufikia kwa pamoja, na kila mmoja wetu alikimbilia lake. Mimi niliingia chumba cha ndani, nikachukua simu na kurekodi: "Musije pwani ya Baraka. Shukeni kwa shangazi, nje ya mji. Baraka hapana." Mama alichukua kichanja, chandarua cha zamani na ndoo ya samaki, akaenda nyuma.

Ujumbe wangu haukutoka. Ile alama ndogo ya saa ilikaa pembeni mwake, haikusogea. Nilizima simu na kuiwasha. Nilikigusa kisanduku, kilikuwa na umeme. Nikatoka nje nikamkuta mama amesimamisha kichanja juu ya antena, ametandaza chandarua, na sasa anamwaga ndagala na kuwasambaza kwa viganja, wakiwa bado wanachuruzika maji.

"Mama, rezo imepotea."

"Tangu lini?"

"Tangu umeweka hii."

Aliitazama kazi yake. "Chandarua ni nyepesi. Hata upepo unapita."

"Samaki si nyepesi."

Alielekeza kidevu chake upande wa pili wa uzio wa matete, uliokuwa unatufika kifuani. Watu watatu wenye bunduki walikuwa wanaingia kwa fundi cherehani. Kutoka uani kwake, kona yetu ya pipa ilionekana yote.

"Tukiitoa sasa, wataiona," mama alisema, akiendelea kusambaza samaki. "Wakiiona wataichukua. Halafu nani atamwambia mutoto wangu kitu?"

Nilifikiri kwamba watakagua kwa fundi na kuondoka. Hawakuondoka. Waliketi kivulini, wakaagiza ugali. Niliusikia mwiko ukigonga sufuria. Niliwasikia wakicheka. Jua lilikuwa kali sana, na kivuli cha pipa kilianza kurefuka upande wa mashariki. Mara kwa mara niliingia ndani kuitazama ile alama ya saa. Nilikuwa nimejipatia mwenyewe picha ya boti: mdogo wangu ameketi chini katikati, mgongo kwenye magunia, miguu ameinyosha, mume wake anaiangalia pwani yetu ikikaribia, anaona watu wengi mchangani na kudhani ni soko.

Mama aliswali adhuhuri. Baadaye aliswali alasiri, kwa wakati wake, haraka na kwa nidhamu, kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Huwa anatandika mkeka mbele ya mlango wa chumba cha ndani, kwa kuwa kibla iko upande huo na hapo ndipo penye nafasi. Alipomaliza aliukunja na kuutundika. Muda si mrefu, wale watu wakapiga hodi kwetu.

"Mama, tunatafuta antene," alisema mkubwa wao. Alikuwa mtu mzima, amevaa kandambili za plastiki, na alikuwa na mafua.

Mama alinyoosha mkono kuelekea paa. "Ile pale. Hata ndege wanaijua."

"Iko ya nini?"

"Ya mpira. Na ya Makka."

"Inasemaka na bantu?"

"Inasema, lakini haisikilize. Nimeitukana miaka mingi, haijanijibu hata siku moja."

Mkubwa alicheka, akafuta pua. "Tuone."

Tulimwashia televisheni. Aliketi kwenye kiti cha kaka, bunduki katikati ya magoti. Mpira wa zamani ulikuwa unarudiwa. Wa pili wao, kijana, alisimama karibu na mlango wa nje. Aliposalimia nilitambua kwa matamshi yake kwamba ni wa pwani hii hii yetu. Wa tatu alizunguka nyuma ya nyumba.

Nilisogea dirishani kama mtu anayetafuta hewa. Alikuwa amesimama mbele ya kichanja. Alichota ndagala kwa vidole, akatafuna, akainama kidogo. Paka wa jirani alikuwa chini ya kichanja, amejikunja mahali pake pa siku zote, na nikaona kwamba mtu akiinama zaidi kumtazama paka ataona amelalia nini.

"Za juu zimekauka," alisema. "Za chini bado."

"Kesho zitakuwa tayari, baba," mama alimjibu kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya kuuza samaki. "Chukua za juu."

Akachota konzi nzima, akatia mfukoni, akarudi akitafuna.

Ni katika dakika hizo, wakati ndagala wa juu wamekauka na jua bado linawachoma, ndipo antena ilipoiona mbingu tena. Sikulielewa jambo hilo wakati ule. Kaka ndiye aliyetueleza baadaye kwamba kinachozuia ni maji, si samaki. Samaki wabichi ni maji matupu, na kadiri walivyokauka ndivyo njia ilivyofunguka. Aliieleza huku akicheka. Sisi hatukucheka. Tulichosikia sisi, tukiwa na watu watatu wenye bunduki sebuleni, ni simu yangu ikilia kitandani, kwenye chumba cha ndani. Ikalia mara moja. Ikatulia. Ikalia tena, na tena, mfululizo, kama inavyolia inapopokea ujumbe uliorundikana.

Mkubwa alipunguza sauti ya televisheni.

"Baraka nzima haina rezo," alisema, bila kugeuka. "Iyo telefone inalia namna gani?"

Nilianza kutafuta uongo wa kumjibu, mama akanitangulia.

"Inaniita swala," mama alisema. "Mutoto wangu aliniwekea. Inaliaga tu, hata rezo haiko." Na alipokuwa akisema hivyo alikuwa ameshauteremsha mkeka. Aliutandika mbele ya mlango wa chumba cha ndani, akauvuta mpaka ukagusa kizingiti, akanyanyua mikono na kuanza.

Mkubwa alisimama. "Nataka kuiona iyo telefone."

"Shefu," yule kijana wa pwani alisema, "muntu anaswali. Hatupitake mbele yake."

"Nitapita pembeni."

"Pembeni haiko, shefu. Mulango ndio mbele yake."

"Basi atamaliza."

"Atamaliza."

Mkubwa akaketi. Tukangoja wote. Mimi nimemwona mama akiswali maisha yangu yote, najua urefu wa kila kitendo chake. Siku ile alisoma sura ambazo sikujua kwamba anazihifadhi. Alirukuu akakaa hapo kama mtu aliyesahau kuinuka. Simu ililia tena ndani, mara moja, na nikauona mgongo wake ukishtuka chini ya mtandio. Akaenda sijida, akabaki na paji la uso chini.

Nilikuwa nikihesabu kitu kimoja tu kichwani: wako ufukweni, au wako majini. Ufukweni, au majini.

Nje mtu alipiga mluzi. Wenzao walikuwa wanapita njiani, wanawaita. Mkubwa alisikiliza, akatazama mpira, akamtazama mama aliyekuwa bado chini. Akapiga chafya, akainuka.

"Akimaliza, umwambie atuombee na sisi," aliniambia, akatoka. Yule wa samaki alimfuata, akipitia kichanjani kuongeza.

Kijana wa pwani alikuwa wa mwisho. Alisimama kizingitini, akaliangalia jua, lilikuwa upande gani. Kisha akanitazama mimi.

"Alasiri imeshapita zamani, yaya," alisema polepole, akiniita kama mdogo anavyomwita mkubwa wake. Akaenda zake.

Alijua. Alikuwa amejua tangu mama alipoteremsha mkeka, na sijui mpaka leo ni kitu gani kilimnyamazisha. Sijamwona tena.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilipita mbele ya mtu anayeswali. Niliichukua simu. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa shemeji: "Uchungu umeanza. Tuko ufukweni, munasemaje?" Wa pili wa mdogo wangu mwenyewe: "Yaya, mbona kimya?" Wa tatu: "Tunapakia." Wa mwisho haukuwa na maneno mengi. Mashini ya boti ilikuwa inanguruma, na juu yake sauti ya shemeji: "Basi tunakuja."

Ujumbe wangu wa adhuhuri ulikuwa umetoka wenyewe wakati mama anaswali. Ulikuwa na alama moja pembeni. Maana yake ulikuwa umeondoka kwetu na haujafika kwao. Walikuwa wameshatoka kwenye rezo ya ufukweni, na onyo langu lilibaki huko juu, halina pa kushukia.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisikiliza ujumbe wote. Kisha alitoka mbio, mwanamke wa umri wake, akakikamata kichanja kwa mikono miwili na kukiangusha pembeni, samaki wakamwagika mchangani, paka akaruka. Hakujali tena nani anaona.

Nilimrekodia yule mwenye duka wa Ubwari. Nilimwambia kila kitu kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikisoma habari, kwa sababu niliogopa kwamba nikilia hatanielewa: pwani ya Baraka imeshikwa, boti ya shemeji isije, washuke kwa shangazi. Alama mbili zikatokea. Zikabadilika rangi. Akajibu akihema, alikuwa anakimbia.

"Ninawaona. Wako mbali kidogo. Ninapunga shati, banafikiri ninawaaga. Ngoja, ninachukua boti yangu."

Baada ya hapo hakukuwa na kitu.

Mama aliketi chini, karibu na antena, akaanza kuokota ndagala mmoja mmoja na kumpangusa mchanga. Nilimwambia awaache. Hakuwaacha. Kutoka upande wa pwani tulisikia mlio wa risasi, mmoja, halafu kimya. Mama alisimamisha mkono. Kisha akaokota mwingine. Mimi niliishika simu kwa mikono yote miwili, kama kifaranga.

Jua lilikuwa halijazama simu iliponguruma.

"Nimewafikia katikati," mwenye duka alisema. Alikuwa amerudi ufukweni kwake, sauti imekauka. "Nimewasikilizisha sauti yako. Yule shemeji yako alikuwa anabisha, anasema asubuhi ulisema kuzuri. Ni mudogo wako aliyemwambia ageuze. Wamegeuza. Wamekwenda kwa shangazi yenu."

Kwa shangazi hakuna antena. Usiku ule hatukuwa na namna ya kujua zaidi, na sitausimulia. Asubuhi mwanamke muuza sombe, majani ya mihogo, aliyetoka upande ule kwa miguu alisimama mlangoni petu na kutuambia, kabla hata ya kutua mzigo, kwamba amepishana na shangazi na shangazi anatusalimia: walimbeba mdogo wangu kwa pikipiki ya kijiji mpaka kituo cha afya ambacho daktari wake hakuwa amekimbia. Walimpasua. Mtoto ni wa kike. Wote wawili wanapumua.

Mama alinunua sombe yake yote.

Kilichomsumbua siku zilizofuata hakikuwa zile bunduki. Ilikuwa ile swala. Hakujua aiite nini, maana haikuwa na wakati wala haikuwa ya Mungu peke yake. Alimuuliza mjomba wetu, mwalimu wa madrasa Kigoma, kwa ujumbe wa sauti, kwa antena ileile. Jibu lilipokuja alilisikiliza mara mbili akiwa amegeukia ukuta, akanirudishia simu. Sikumuuliza. Uso wake ulikuwa umepata nafuu, si wote.

Wale watu bado wako mjini. Antena tumeihamisha, na sisemi imekaa wapi. Televisheni inaendelea kuonyesha mpira na Makka, na wanawake wanaendelea kuja na simu ndani ya vitenge, ila sasa wanakuja mmoja mmoja, na wakicheka wanaziba mdomo.

Mdogo wangu, tuliyekuwa tunamuuguza kwetu, alipopata nguvu alitaka kurudi kwake Ubwari, na safari hii ilikuwa lazima apandie boti pwani ya Baraka, kwa sababu njia ya kwa shangazi ilikuwa imefungwa. Tulikubaliana kwamba akifika upande wa pili, kwenye rezo ya ufukweni, atatuma neno moja tu. Asubuhi ya kuondoka nilimtafuta mama jikoni, sikumpata. Nilimkuta pale tulipoificha antena, amepiga magoti mbele ya kichanja kilichoifunika. Alikuwa ameamka kabla ya kila mtu. Alikuwa anawageuza ndagala mmoja baada ya mwingine, upande mbichi ukielekea jua, akiwabonyeza kwa kidole kuona nani bado ana maji.

"Anatoka saa ngapi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Nilimwambia.

"Zitakuwa zimekauka," alisema, na akaendelea kuwageuza.